Anuarite Nengapeta: Unyenyekevu wa Kila Siku



 Leo tumechagua maisha ya mwanamke, na tuna sababu yetu.

Tulipokuwa bado na ushirika wa nyumbani kule Mtandire, Lilongwe, kabla ya agizo la mwaka 2023 la kurudi kambini Dzaleka, kulikuwa na mama mmoja ambaye hakukosa ibada ya Jumatano. Asubuhi aliuza mandazi, mchana alisuka nywele za watu, jioni alipikia watoto watano. Siku moja baada ya maombi alibaki nyuma akatuuliza maswali mawili. La kwanza: mwanamke Mkristo atajuaje kwamba anakua kiroho, ikiwa siku yake yote inaishia kwenye maji, kuni, biashara na kelele za watoto? La pili alilisema kwa sauti ya chini: huu unyenyekevu mnaotuhubiria sisi wanawake, mwisho wake uko wapi?

Tulimjibu haraka haraka kwa mistari ya Biblia, tukafunga kwa maombi. Lakini tuliona usoni mwake kwamba hakushiba. Tangu siku hiyo maswali yale tumeyabeba sisi wenyewe. Leo tunajaribu kuyajibu vizuri zaidi, kwa kuwaeleza maisha ya dada mmoja wa nchi ya Kongo, aliyeuawa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964. Jina lake ni Anuarite Nengapeta.

Tunajua wengine watashangaa. Anuarite alikuwa mtawa wa Kanisa Katoliki, na sisi si wa kanisa hilo. Sisi hatuwaombi watakatifu watuombee, na katika jambo hilo tunatofautiana na jirani zetu. Lakini Waraka kwa Waebrania unatufundisha kuwakumbuka waliotutangulia katika imani, tukitazama mwisho wa mwenendo wao. Damu ya shahidi haiulizi ni kanisa gani. Tena mwaka ule wa 1964, katika eneo lile lile, waliteseka Wakatoliki na Waprotestanti pamoja.

MSICHANA WA WAMBA

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 katika kijiji cha Matali, karibu na Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, nchi ilipokuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Kabila lake ni Wabudu. Baba yake aliitwa Amisi Batsuru, na mama yake Isude. Walizaliwa wasichana sita, yeye akiwa wa nne. Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake na ndugu zake, akapewa jina la Alphonsine.

Baba yake alikuwa askari, akasafiri na jeshi mpaka nchi ya Palestina wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliporudi, nyumba haikubaki na amani. Alitaka mtoto wa kiume, na mke wake alikuwa amemzalia wasichana tu. Mwishowe akamwacha Isude, akaoa mwanamke mwingine. Wapendwa, hapa hatuhitaji kueleza sana. Akina mama wangapi kati yetu wameachwa kwa sababu kama hiyo? Na watoto wangapi wanakua kambini wakijua kwamba baba yao yuko hai, ila ana nyumba nyingine? Anuarite alikuwa mtoto wa nyumba ya namna hiyo. Somo lake la kwanza la kusamehe lilianza na mzazi wake mwenyewe.

Hata jina lake lina habari. Nyumbani aliitwa Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake mkubwa, na maana yake ni mtu anayeicheka vita. Dada huyo alipompeleka shule, sista aliyekuwa akiandikisha watoto alichanganya majina, akamwandika mdogo kwa jina la mkubwa. Kosa la daftari likabaki, na dunia nzima ikamjua kwa jina lisilo lake. Wakimbizi wanalielewa jambo hili haraka kuliko watu wengine. Wako kati yetu ambao jina lao katika karatasi si lile walilopewa na baba zao, tena tarehe ya kuzaliwa imebadilishwa, na wamechoka kuomba lirekebishwe. Anuarite alilichukua jina lililoandikwa kwa makosa, akaliishi mpaka likawa la kweli.

KUINGIA KATIKA JAMAA TAKATIFU

Alipokuwa bado msichana mdogo aliona masista wa Kiafrika wa shirika la Jamaa Takatifu, ambao nyumba yao ilikuwa Bafwabaka. Akatamani kumtumikia Mungu kama wao. Mama yake hakukubali. Siku moja lori lilikuja kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda kuanza malezi ya utawa. Anuarite akapanda pamoja nao bila kumwaga mama, na mama akapata habari baadaye kwamba mtoto yuko Bafwabaka.

Hatusemi kwamba kila kijana aige jambo hilo. Tunalieleza ili mjue alikuwa mtu wa namna gani. Huyu hakuwa msichana baridi asiye na mapenzi yake mwenyewe. Alikuwa na nia kali, na moyo mwepesi wa kuguswa. Watu wa tabia hiyo wanapomjia Bwana, huwa na kazi kubwa ya kufanya ndani yao. Wengi wanadhani mnyenyekevu ni mtu aliyezaliwa mpole. Sivyo. Aliyezaliwa mpole anashukuru kwa tabia yake. Unyenyekevu ni kazi ya yule aliyezaliwa na moto, akaamua kuuweka moto wake mahali pa kupikia chakula cha wengine badala ya kuchoma nyumba.

Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake, akapewa jina la utawa la Marie-Clémentine. Wazazi wake wote wawili walikuja siku hiyo, wakaleta zawadi ya mbuzi wawili. Mama aliyekuwa amekataa alikuja na mbuzi! Lakini baadaye maisha yalimwia magumu mama huyo, akataka binti yake arudi nyumbani kusaidia familia. Hilo nalo lilikuwa jaribu, kwa sababu mwito wa Mungu na machozi ya mzazi vilikuwa vikimvuta pande mbili. Anuarite alibaki katika nadhiri yake. Hakubaki kwa kumdharau mama, maana alimpenda mpaka mwisho.

KAZI NDOGO NDOGO

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo mama yule wa Mtandire alikuwa akiitafuta.

Kuanzia 1959 mpaka 1964 ni miaka mitano na miezi kidogo. Katika miaka hiyo Anuarite hakufanya jambo lolote ambalo ulimwengu ungeliita kubwa. Hakuhubiri kwenye mikutano, wala hakuanzisha huduma yenye jina lake. Alitunza vyombo na mavazi ya ibada, alisaidia jikoni, alifundisha watoto wa shule ya msingi, alisimamia wasichana waliolala bwenini. Ni kufagia, kupanga, kukoroga chungu, kusahihisha madaftari, kuamka usiku mtoto anapougua. Kesho yake ni vile vile.

Masista walioishi naye walikumbuka kwamba alikuwa akizifanya zile kazi ambazo wengine hawakuzitaka. Alipenda wenzake wawe na furaha, akaona kuwatumikia ndiyo njia ya kuwafurahisha. Tena alikuwa na daftari lake dogo. Ndani yake aliandika aliyojifunza katika mafungo na maazimio yake mbele za Mungu. Wazo lililotawala maandishi yake lilikuwa moja, kwamba anataka kumpendeza Yesu peke yake.

Wapendwa, simameni kidogo hapa kwenye hilo daftari. Kwa nini mtu aandike maazimio? Anaandika kwa sababu jana alianguka. Anayeshinda kila siku hahitaji daftari. Kila azimio la kunyamaza lina nyuma yake siku ambayo ulimi ulitangulia, na azimio la kutii lina nyuma yake siku ambayo moyo ulikataa. Mtu anayeandika tena leo kile alichoandika mwezi uliopita, huyo hajakata tamaa. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa maneno marefu juu ya utakaso. Lakini tukiulizwa leo utakaso unafananaje, tutasema unafanana na mwanamke anayerudi kwenye daftari lake jioni akiwa amechoka, akiandika tena azimio lile lile, bila kujidanganya na bila kumkimbia Mungu.

Basi, mama unayechota maji kwenye pampu na kupangwa foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, hiyo foleni ndiyo shule yako. Dada mmoja anaingiza ndoo mbele yako. Wewe unaijua haki yako, na ulimi unao. Kile utakachofanya katika dakika ile kinaonyesha hali ya roho yako kuliko wimbo utakaoimba Jumapili. Siku ya mgao, jirani amepata kitu na wewe hukupata. Unafanya nini na uchungu ule? Mumeo amerudi bila kazi na hasira yake anaitua kwako. Watoto wanalia njaa, na mama mkwe anasema hujui kupika. Hapo ndipo Mungu anatuuliza kama tunakua. Bwana alisema katika Luka 16 kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Anuarite alikuwa mwaminifu kwenye lililo dogo kwa miaka mitano. Hakujua kwamba lililo kubwa lilikuwa linakuja, wala kwamba lingechukua usiku mmoja tu.

MWAKA WA 1964

Wazee wetu wa Uvira, Fizi na Baraka wanaukumbuka mwaka ule. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Lumumba aliuawa Januari 1961. Nchi haikutulia, na mwaka 1964 uasi wa Simba ukashika sehemu kubwa ya mashariki. Mwezi wa Agosti waasi waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Wengi wao walikuwa vijana, waliopewa dawa na waganga wakiamini kwamba risasi zitageuka maji.

Mwishoni mwa Novemba hasira yao ilizidi. Tarehe 24 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kuokoa mateka, na siku hiyo hiyo aliuawa daktari Paul Carlson, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani. Tarehe 26 walishuka Paulis, mji ambao leo tunauita Isiro. Siku hiyo kule Wamba askofu Joseph Wittebols aliuawa. Katika eneo hilo, kule Nebobongo karibu na Ibambi, mmisionari na daktari wa Kiingereza, Helen Roseveare, alikuwa ametekwa na kuteswa vibaya na waasi. Askari wa Ubelgiji waliondoka upesi, na wenyeji wakaachwa mikononi mwa Simba.

Tarehe 29 Novemba lori la Simba lilifika Bafwabaka. Masista wote 46 wakaambiwa wapande, eti wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Njiani safari ikageuzwa kwenda Isiro. Walilala Ibambi. Kesho yake walikutana na Kanali Pierre Olombe, ambaye aliamuru wanyang'anywe misalaba na rozari zao, zikatupwa porini. Anuarite alibaki na sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni mwake.

Sisi tuliopakiwa kwenye malori tunaijua safari ya namna hiyo. Mtu anaambiwa mahali fulani, kumbe ni mahali pengine. Anahesabu watoto, anashika mfuko, anamtazama dereva usoni ili ajue kama atafika salama.

USIKU WA ISIRO

Jioni ya tarehe 30 walifikishwa kwenye nyumba ya mkubwa mmoja wa waasi. Kanali aliyeitwa Ngalo alimwona Anuarite, akamtaka awe mke wake. Anuarite akakataa. Wakamtenga na wenzake, wakamtisha mbele ya mkuu wake, Mama Léontine Kasima, naye akazidi kukataa. Ngalo akamwomba Olombe amsaidie kumlainisha. Masista wengine wakapelekwa katika nyumba iliyoitwa Nyumba ya Buluu. Chakula kilipoletwa, Anuarite hakuweza kula. Aliwaomba wenzake wamwombee, kwa sababu aliijua hatari iliyo mbele yake.

Baadaye usiku Olombe akamtaka yeye mwenyewe. Akamchukua Anuarite pamoja na sista mwingine, Bokuma Jean-Baptiste, akawaingiza katika gari. Alipoenda kuleta ufunguo, wale dada wawili walijaribu kutoka wakimbie. Akawashika, akaanza kuwapiga. Bokuma alivunjwa mkono sehemu tatu, akazimia. Anuarite aliendelea kukataa, akasema ni afadhali afe kuliko kutenda dhambi ile. Na katikati ya mapigo alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa maana hajui anachofanya.

Olombe akawaita vijana wake wamchome kwa visu vya bunduki. Kisha mwenyewe akampiga risasi kifuani. Hasira ilipopungua akawaambia masista waje kumchukua mwenzao. Walimbeba angali akipumua kidogo. Akafa yapata saa saba usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Alibakiza majuma manne tu kutimiza miaka 25.

Alizikwa katika kaburi la pamoja na watu wengine waliouawa. Baadaye miili ilipofukuliwa, alitambulikana kwa ile sanamu ndogo mfukoni. Leo mabaki yake yako katika kanisa kuu la Isiro. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa, mwanamke wa kwanza wa Kongo kutangazwa hivyo. Siku hiyo Papa alitangaza pia, kwa niaba ya kanisa lake lote, msamaha kwa yule aliyemwua. Msamaha aliokuwa ameutamka dada mmoja usiku, kanisa zima likaurudia mchana miaka 20 baadaye.

TUNAJIFUNZA NINI

Jambo la kwanza. Hakuna mtu anayejifunza kusamehe wakati anapigwa. Wakati huo hautoshi. Yaliyo ndani ndiyo yanayotoka. Usiku ule mdomo wa Anuarite ulitoa kile ambacho moyo wake ulikuwa umekizoea: kumsamehe baba aliyeondoka, kumsamehe sista aliyemkwaza jikoni, kulisamehe hata daftari lililokosea jina lake. Kwa hiyo, mama uliyetuuliza Mtandire, ukuaji wako unaonekana kwenye vitu vidogo. Ukiona kwamba leo umekasirika saa moja ambapo mwaka jana ungekasirika wiki nzima, mshukuru Mungu, unakua. Ukiona umeomba msamaha kwa mtoto wako mwenyewe, unakua. Tafuta daftari, hata la shule lililobaki kurasa chache. Kama hujui kuandika, kabla ya kulala mwambie Bwana mambo mawili: pale nilipoanguka ni hapa, na kesho nisaidie hapa.

Jambo la pili ni gumu kwetu kuliandika, kwa sababu linatuhukumu sisi wachungaji. Huyu mnyenyekevu alikataa. Alikuwa mtii kwa wakuu wake, alifanya kazi zilizokataliwa na wengine, lakini mtu mwenye bunduki na cheo alipomtaka mwili wake, alisema hapana mpaka akafa. Unyenyekevu wake haukumfanya awe jamvi la kila mtu kukanyaga. Unamnyenyekea Mungu kwanza, na kwa sababu hiyo huwezi kumpigia magoti mtu anayetaka kukuharibu. Anayemwogopa Mungu vizuri hubakiwa na woga mdogo kwa wanadamu.

Lakini sisi tumehubiri namna gani? Mama anakuja na jicho limevimba, tunamwambia anyenyekee kwa mume wake. Binti anatuambia kwamba mtu fulani mwenye nafasi anamwahidi msaada akilala naye, sisi tunamwuliza alivaa nini. Tumelichukua neno takatifu tukalifanya kamba ya kufungia midomo ya wanawake. Mama yule wa Mtandire alipouliza mwisho wa unyenyekevu uko wapi, sasa tunaelewa kwamba hakuwa akiuliza swali la theolojia. Alikuwa anatueleza jambo, na sisi hatukusikia. Tunamwomba msamaha katika ukurasa huu, yeye na wengine wote tuliowajibu kwa haraka.

Basi jibu letu leo ni hili. Mwisho wa unyenyekevu uko pale dhambi inapoanza. Kumtumikia mume mgonjwa ni unyenyekevu, bali kupigwa na kuficha si unyenyekevu. Kumpisha jirani kwenye foleni ni unyenyekevu, bali kutoa mwili kwa sababu ya mahindi au karatasi si unyenyekevu, na anayeudai ndiye mwenye dhambi, hata kama anavaa tai na kushika Biblia. Dada aliyetendewa hivyo asijione mchafu. Wala tusimpimie kwa kifo cha Anuarite, tukimwambia kwamba naye angepaswa kufa. Wengi walilazimishwa kwa nguvu katika vita vyetu, na waliobaki hai ni binti wa Mungu wasio na lawama. Sista Bokuma alizimia na mkono umevunjika, akaishi, na hakuna anayesema kwamba uaminifu wake ulikuwa mdogo. Waje wazungumze na akina mama viongozi wa kanisa, na pale sheria inapohitajika tutakwenda pamoja nao. Tusiwaache waende peke yao.

Jambo la tatu ni kwa sisi sote, wanaume kwa wanawake. Dzaleka hii ilikuwa gereza zamani, na tangu 1994 imekuwa nyumba ya watu waliokimbiana. Kwenye mstari mmoja wa nyumba wanaishi Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, na kila mmoja ana orodha yake ya wafu. Wako watu ambao tunajua, au tunadhani tunajua, kwamba ndugu zao waliwaua ndugu zetu. Tunawasalimia kwa mdomo. Anuarite hakusubiri muuaji aombe msamaha, wala hakusema kwamba tendo ni dogo. Alilikataa tendo kwa nguvu zake zote na kumsamehe mtu kwa pumzi iliyobaki. Yote mawili yalikaa katika moyo mmoja. Kumbe inawezekana kusema kwamba lililotendeka Makobola, Gatumba au kijijini kwetu lilikuwa ovu, na bado kumpelekea jirani moto wa mkaa anapokosa kiberiti. Tusianze na muuaji ikiwa hatuwezi. Tuanze na yule wa kwenye pampu ya maji.

Mama yule wa Mtandire sasa anaishi hapa kambini kama sisi. Biashara yake ya mandazi ilipotea katika kuhama, na ameanza tena na unga kidogo. Jumatano iliyopita alikuja kwenye maombi akiwa amebeba mtoto wa jirani ambaye mama yake amelazwa. Hatukumwuliza kama anakua kiroho. Tulimsogezea kiti, tukamshika mtoto, naye akapata nafasi ya kuomba.

Mungu wa amani atupe neema ya siku moja moja, mpaka siku ile kubwa. Na akina dada wetu wote, waliopo na waliotutangulia, awape heshima ambayo sisi tumechelewa kuwapa. Amina.

Ni sisi watumishi wenzenu katika shamba la Bwana.